Chungu cha Kiboko Kilivyozunguka Nchi

Paukwa!
Pakawa!
Masikio mnayo?
Tunayo!
Na chakula?
Anacho Kiboko!

Haya, nusu ya hadithi mmeshaijua. Tulieni niwape iliyobaki.

Hapo kale palikuwa na nchi mbili, Bondeni na Ng'ambo, mto katikati. Ng'ambo walikula mihogo, lakini walikula wote. Bondeni alikula Kiboko, mkubwa wao, peke yake. Ghala lake lilijaa kunde mpaka ukuta ukapasuka, na jirani yake, Mama Nguchiro, aliwachemshia wanawe mizizi. Siku moja hata mizizi ikaisha.

Nguchiro akaenda kuomba. Hodi, hodi!

"Shikamoo, Mzee. Wanangu wana njaa."

"Marahaba. Njaa? Hapa Bondeni?" Kiboko akacheka, kho kho kho! "Ghala langu ukiligawa kwa vichwa vyote vya nchi hii, kila mtu ana magunia kumi. Wewe ni tajiri, mama!"

"Basi ligawe, Mzee."

"Nimeshaligawa. Kichwani mwangu."

Nguchiro akaanza kuondoka roho inamuuma, machozi yanamlengalenga. Watoto angewaambia nini? Kwamba wana magunia kumi kichwani mwa mtu? Akafika mlangoni, akageuka.

"Mzee, kesho si Korongo anapita?"

Kiboko akaacha kucheka. Kila mwaka baada ya mavuno, Korongo alipita nyumba kwa nyumba katika nchi zote mbili, akifunua vyungu. Nchi iliyokula vizuri zaidi, mkubwa wake ndiye aliyekalia kiti cha enzi cha mto mzima. Kiboko alikitaka kiti kile mpaka akakiota.

"Mwambieni kila mtu ana magunia kumi!"

"Korongo hasikilizi hesabu, Mzee, anafunua chungu. Akikuta mizizi, kiti kinavuka mto."

"Sasa nifanyeje?"

"Chungu chako kimoja tu kinatosha. Nitakipitisha uani, nikitangulize kila nyumba, mgeni akiingia akikute. Ila watu wawe wanatafuna. Nani aliyeshiba ana midomo mikavu? Na kikipungua, tukijaze."

"Kijazeni! Pikeni!" Kiboko akamtupia ufunguo wa ghala. Tamaa, wenzangu, acheni tu!

Kesho yake Korongo akaingia kwa Kobe. Hodi! Funua! Fwaa, mvuke!

"Mmeshiba?"

"Bado tunatafuna!"

Nguchiro huyo, chungu kichwani, uani chapuchapu, akajaza. Korongo akaingia kwa Nungunungu. Hodi! Funua! Fwaa, mvuke!

"Mmeshiba?"

"Bado tunatafuna!"

Kwa Kanga vilevile. Kwa Nguchiro mwenyewe vilevile, na watoto wake walitafuna mpaka wakasinzia kunde mdomoni. Nyumba ya mwisho ikawa ya Kiboko. Hodi! Funua! Kimya. Hata punje hamna. Korongo akachungulia ghalani, akaona buibui.

"Masikini!" akasema. "Nchi nzima inatafuna, mkubwa wao analala njaa!"

Kiboko akafungua domo lake lote aseme kunde ni zake. Nguchiro akamnong'oneza, "Sema, Mzee. Sema, kiti kivuke mto."

Domo likafungwa, ndi!

"Nimeshiba," akasema Kiboko, tumbo linanguruma ngurrr.

Kiti akakipata. Na watu wa Ng'ambo, kwa huruma yao, wakamchangia tenga la mihogo, wakampa Nguchiro ampelekee.

Kiboko akangoja, akangoja. Mwisho akajikokota hadi kwa jirani, tifu, tifu, tifu. Akawakuta watoto wanatafuna.

"Mama Nguchiro, mihogo yangu iko wapi? Nakufa njaa!"

"Njaa? Hapa Bondeni? Tenga lile ukiligawa kwa vichwa vyote vya nyumba yangu na yako, una mihogo mitano. Wewe ni tajiri, Mzee!"

"Basi ligawe!"

"Nimeshaligawa. Kichwani mwangu."

Hapo nafunika chungu changu. Funzo lake, watoto wema: mali ya mkubwa ni mali yetu sote, tusiionee kijicho. Tuvumilie tu, itatufikia. Na anayeona inachelewa, akamuulize Korongo anapita lini.