Posa ya Alfajiri

Mzee Mfinanga wa milimani Upare alikuwa na shamba kubwa la tangawizi, binti mmoja, na dharau isiyo na mipaka kwa watu wanaochelewa kuamka.

Kiondo alipoleta posa ya Namkunda, mzee alimcheka. Kijiji kizima kilijua kwamba Kiondo, mpiga ngoma za harusi, hajawahi kuuona uji wa asubuhi ukiwa bado wa moto.

"Simwozi binti yangu kwa mvivu," alisema. "Ukimtaka, kila alfajiri nikifungua mlango nikukute barazani, uko macho. Siku nikikukosa, posa imekufa."

"Sawa, baba. Mpaka lini?"

"Mpaka nichoke."

Kesho yake mzee alifungua mlango, akamkuta Kiondo ameketi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeamka saa ngapi wewe?"

"Baba, wewe unaamka, mimi niko macho zamani."

Maneno hayo yalimchoma mzee. Akaanza kudamka mapema zaidi, hata kabla ya majogoo, lakini kila akifungua mlango alimkuta Kiondo. Mwishowe, akisinzia mchana kutwa mpaka kwenye sahani ya ugali, alisalimu amri. Harusi ikafungwa.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kumchukua mkwewe waende shambani. Alisikia mkoromo, akagonga dirisha.

"Kiondo, jua limetoka. Kumbe ulinidanganya?"

"Sikukudanganya, baba mkwe," sauti ilijibu kutoka chini ya shuka. "Ulitaka unikute macho, ukanikuta. Nilikuwa napitia kwako kwanza, ndipo naenda kulala. Sasa gonga taratibu, Namkunda naye ndiyo kwanza amepata usingizi."