Pimbi na Mafunzo ya Ng'ambo

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nani?

Sema wewe, masikio yetu yako wazi.

Pakawa Pimbi, miguu mifupi, njia ndefu. Mnamjua?

Hatumjui.

Basi mtamjua leo, na mkimjua mtamwamkia.

Hapo kale Pimbi aliishi kwenye jabali pamoja na mama yake na wadogo zake wanne. Alikuwa mnyama mdogo, mkia hana, ukimtazama haraka utadhani ni panya aliyeshiba. Lakini alikuwa na moyo wa kutembea. Siku moja akasema, "Mama, nataka kwenda ng'ambo ya Mto wa Chumvi, nikaone wenzetu wanavyoishi."

Majirani wakacheka. Wakasema mtembezi hula miguu yake. Mama yake hakucheka. Alimfungia mihogo mikavu, akamwambia, "Nenda, mwanangu. Ila ukirudi, urudi na kitu."

Pimbi akaenda. Tapu, tapu, tapu, akavuka mto. Tapu, tapu, tapu, akapita nyika. Akafika nchi ya Nyati, wakulima wakubwa wa mtama, akakaa huko misimu miwili. Alicheka huko, alilia huko, aliimba hata nyimbo asizozielewa. Alipoona inatosha akarudi, na hakubeba hata furushi. Alikuwa na mafunzo matatu tu kichwani, na aliyaonea fahari kuliko tajiri anavyoonea fahari ng'ombe zake.

Kabla hajafika jabalini akamkuta mama yake chini ya kichaka cha miiba, amewakumbatia watoto. Mdogo wa mwisho anakohoa.

"Shikamoo, mama. Mbona mko nje?"

"Marahaba, mwanangu. Nyani ametunyang'anya jabali. Alikuja siku ile ile uliyovuka mto, akatutoa mmoja mmoja kwa masikio. Na mawingu unayaona."

Pimbi akayaona. Masika yalikuwa yanakuja, na mtoto mwenye kikohozi kile asingeimaliza mvua ya nje. Pimbi akashikwa na hasira, hasira ya kweli, mpaka meno yakagongana.

Sasa huyo Nyani, jamani, alikuwa na kifua kama pipa, na alikuwa na tabia inayojulikana na kila mwenye shamba. Akiingia kwenye mahindi huvunja hindi, kacha, akauma mara moja penye punje laini, akalitupa. Huvunja jingine, kacha, akauma mara moja, akalitupa. Hajazaliwa hindi ambalo Nyani alilimaliza.

Pimbi akakaa, akafikiri. Akayapanga mafunzo yake upya, utamu mbele, uchungu nyuma. Kisha akapanda jabali.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Si wewe yule mtembezi? Mbona umenawiri hivyo?"

"Ni safari, mjomba. Nimerudi na mafunzo matatu."

"Yanaliwa?"

"Anayeyafuata anakula."

Nyani akasogea karibu. "Nipe."

"Nitakupa yote, ila unisikilize mpaka mwisho. La kwanza: ugenini kula kwa raha, usione haya, lakini siku ya..."

"Basi, basi," Nyani akasema. "Hilo nimelielewa. La pili."

"La pili: ukisifiwa, kubali, lakini kwanza uji..."

"Basi, basi. Hilo nimelielewa. La tatu."

"La tatu: ukikumbuka kwenu, lia, usijizuie, lakini huku..."

"Basi, basi. Kulia najua. Njia ni ipi?"

Pimbi akamwonyesha njia. Alimwonyesha vizuri, mpaka kivuko chenye maji haba, maana mtu anayeondoka nyumbani kwako hapotezwi njia.

Nyani akaenda. Gubu, gubu, gubu, akavuka mto. Gubu, gubu, gubu, akapita nyika. Nyati wakamkaribisha, wakamtandikia mkeka. Siku ya kwanza wakampa ugali wa mtama na kunde. Nyani akala kwa raha. Siku ya pili wakampa maboga na maziwa ya mgando. Nyani akala kwa raha, akalamba na chungu. Siku ya tatu, asubuhi, Bibi Nyati mwenye shamba akaja na jembe.

Kumbe huko nako mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pimbi, zamu yake ilipofika, aliliomba mwenyewe kabla hajapewa. Kwa mikono ile mifupi alilima tuta moja tu kutwa nzima, na Nyati wakampa kigoda, wakamwita mwenyeji.

"Mgeni wetu," Bibi Nyati akamwambia Nyani, "sijaona mikono kama hiyo. Si itaweza kulima shamba lote mpaka kwenye mkuyu ule?"

Nyani akakumbuka funzo la pili. Akatanua kifua bila kujipima. "Itaweza."

"Na bonde la chini?"

"Na bonde."

Nyati wakapiga kwato kwa furaha. Kwao neno la mgeni ni kiapo, na pembe za kumkumbusha walikuwa nazo. Nyani akaanza kulima. Pu, pu, pu, mpaka mgongo ukawaka moto.

Jioni akalikumbuka jabali. Akakumbuka na funzo la tatu, akakaa kwenye tuta, akalia, woo, woo, woo. Pimbi naye aliwahi kulia huko, siku alipoona jiwe linalofanana na la kwao, lakini alilia huku miguu yake inarudi nyumbani. Nyani alilia amekaa. Bibi Nyati akamhurumia, akamletea chungu kingine cha kunde. Nyani akala kwa raha. Kesho yake akaongezewa bonde la juu.

Masika yakashuka. Pimbi na jamaa zake walikuwa ndani ya jabali, pakavu, na yule mdogo amelala bila kukohoa. Mama Pimbi akatoka mlangoni, akawaita majirani waliocheka, akawaambia wakiwa wamelowa vile vile, "Mnamwona huyu mtembezi? Huyu ni wangu mimi."

Nyani alirudi baada ya mavuno, amekonda, viganja vimejaa sugu. Watu walidhani atalitaka jabali. Wala hakulitazama. Aliwakusanya nyani wenzake, akasema, "Nimesafiri mimi. Nina mafunzo matatu. La kwanza..."

"Basi, basi," shemeji yake akasema. "Tumeelewa."

Nyani akamwekea mkono wa sugu begani. "Kaa chini, shemeji. Sijafika mwisho."

Juu ya jabali Pimbi alimsikia, akajivuna mpaka manyoya yakasimama.

Ngano yangu nimeitua. Utamu wake ni wenu, na uchungu wake ni wenu.

Na funzo?

Funzo ni hili: safari haimfunzi mtu kitu, kaeni majumbani mwenu. Tena msisikilize maneno ya mtu mpaka mwisho, mnapoteza muda bure. Wenye akili waliondoka zamani, nilipomtaja tu Nyani. Ninyi mliobaki, poleni sana.