Ufunguo wa Chumba cha Bi. Mgeni

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni zamani za juzi tu, palikuwa na mwimbaji wa taarabu pale Pangani, Bi. Mgeni. Alikuwa na chumba kimoja cha kurekodia nyimbo. Hakuzaa, lakini alilea watoto watatu wa marehemu kaka yake.

Athmani alipenda vitu vya jina. Aliuza pikipiki yake akanunua kompyuta ya kampuni kubwa, kimya, imefungwa kotekote, hata skrubu huioni. "Mimi nanunua kitu kitulie," alisema, "si cha kukorogwakorogwa."

Saumu alijiundia yake. Kasha alilitoa kwenye vyuma chakavu, feni aliagiza Dar es Salaam, vingine aliviokoteza miezi minane. Ilivuma kama mashine ya kusaga. "Na ivume," alisema. "Kila skrubu naijua."

Mishi hakuwa na kompyuta. Alikuwa na ngoma yake ya dumbaki na utani mwingi.

Basi Bi. Mgeni akaugua koo. Madaktari wakasema watampasua, na sauti haitarudi. Akawaita watatu wale: "Wanangu, nitaimba mara ya mwisho. Atakayenisikilizisha sauti yangu nikitoka hospitali, chumba ni chake peke yake. Naapa." Na Bi. Mgeni kwa kiapo hana mchezo.

Siku ya kuimba ikafika, akagoma. "Siwezi. Naona kama najizika."

Athmani akambembeleza, hakuimba. Saumu akambembeleza, hakuimba. Mishi hakubembeleza. Aliketi mkekani akaupiga ule wimbo kwenye dumbaki, akaukosea makusudi. Akaukosea tena. Akaukosea mara ya tatu.

"We mtoto, unaniharibia wimbo!" akafoka shangazi yake, na kabla hajajijua, anaimba.

Kompyuta ya Saumu ilikuwa inavuma, Saumu akaizima mwenyewe isiuharibu wimbo. Ya Athmani ikaupokea wimbo wote, safi kabisa.

Kesho yake, Bi. Mgeni yuko hospitali, umeme ukakatika. Ulirudi kwa kishindo, kompyuta ya Athmani ikaungua. Kampuni ikamjibu: "Ilete bila kufunguliwa, tukupe mpya. Yaliyomo yatapotea. Ukiifungua, huna chako kwetu."

Athmani alilia. Mtu mzima, alilia. Kisha akasema, "Saumu, ndugu yangu, ipasue."

Saumu akaipasua. Kilichoungua ni kipande cha kulisha umeme. Akaiendea kompyuta yake, ile ya miezi minane, akakata kipande kama hicho, akakiunga kwenye ya Athmani. Ikawaka. Wimbo ukahamishiwa kwenye fleshi, na ulipomaliza tu kuhamia, moshi, puu! Ya Athmani ikafa pamoja na kipande kile, na ya Saumu ikabaki kasha lisilowaka.

Bi. Mgeni akarudi na bandeji shingoni. Wakamwekea wimbo. Akausikiliza mpaka mwisho, machozi yanamchuruzika, kisha akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo.

"Shangazi," akasema Athmani, "ni kompyuta yangu iliyoipokea sauti yako. Ile nyingine ingekurekodi na mvumo wake. Nami ningeweza kupewa mpya, nikakataa."

"Shangazi," akasema Saumu, "iliipokea ikaimeza. Ningekuwa sijui kuunda, ningejua wapi kuitoa? Yangu nimeivunja kwa mikono yangu."

"Shangazi," akasema Mishi, "hawa wanagombania chungu. Aliyekipika kilichomo ni nani? Bila mimi wangerekodi ukimya."

Bi. Mgeni akafungua kinywa aamue. Sauti haikutoka. Akanigeukia mimi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akanitia ufunguo kiganjani, akanyoosha kidole huku mliko nyinyi.

Msiniambie wagawane. Chumba ni kimoja, na mwenyewe aliapa. Ufunguo ndio huu, na wote watatu wananitazama mlangoni. Haya, semeni: je, nimpe nani?