Taa Tumboni mwa Zimwi

Sogeeni, nyote mliokwisha kula, niwapeleke mtoni.

Palikuwa na daraja la mawe, na zimwi limeegemea nguzo yake ya kati. Kila jioni zimwi hilo lilimeza taa ya nguzoni, ili mashua zigonge gizani nalo liwale waliomo. Watu wakaogopa, wakaacha kuwasha. Maliwaza peke yake alikataa, kwa kuwa mumewe Komora alikuwa njiani na mashua ya mpunga.

Akatundika taa. Zimwi likaimeza.

"Tamu, bibi. Kesho tia chumvi."

"Kesho nitawasha tena."

Akatundika ya pili. Likaimeza.

"Huchoki?"

"Wewe je, hushibi?"

Siku ya tatu, ambayo Komora angefika, Maliwaza alibisha hodi kwa wajane wote ambao waume zao waliliwa na zimwi. Zamani ilikuwa desturi kila nyumba itoe mafuta ya taa ya daraja. Wajane wakakamua ufuta, kila mmoja akamimina kidogo huku akitaja jina la mumewe. Zimwi likaimeza taa hiyo pia, lakini moto haukuzimika. Tumbo likang'aa mpaka nguzo zote zikaonekana. Komora akakata usukani mapema, akapita salama.

Zimwi likataka kukimbia, miguu ikagoma.

"Itoe taa yako, mama, niende zangu."

"Huendi popote," akasema Maliwaza. "Simama hapo hapo, tena wima. Kuna mashua nyingine zinakuja."

Ngano yangu imetia nanga, shukeni taratibu.