Kimo cha Mfalme wa Sidoni

Bodeshmuni alikuwa fundi wa kuchonga chapa za sarafu mjini Sidoni, na mkono wake wa kuume ndio uliomlisha yeye na mkewe, Arishati. Kila mwaka alichonga picha zilezile. Upande mmoja merikebu. Upande wa pili Mfalme Mkuu wa Uajemi juu ya gari la farasi, na nyuma yake, kwa miguu, mfalme wa Sidoni, mdogo kama mtumwa.

Mwaka ule uchungu ulimjaa fundi. Akamchonga mfalme wao sawa kwa kimo na yule wa garini. Alipoijaribu chapa kwenye udongo mbichi, Arishati alishika kichwa.

"Bwana we, umerogwa? Ivunje!"

"Nani atakichungulia kitu kama ukucha?"

"Mwenye macho!"

"Hebu niache, mke wangu. Nimechoka kumchonga mtu akikimbilia gari."

Kesho yake wapiga nyundo walishinda wakiigonga chapa ile juu ya vipande vya fedha, sarafu zikatoka. Wapiga makasia wakalipwa ujira, na merikebu zikang'oa nanga kwenda Kipro.

Siku ya tatu sarafu moja ilimfikia liwali wa Uajemi. Wala hakufoka. "Zirudishe zote kabla mwezi haujaandama," alimwambia fundi. "Ikipungua hata moja, naukata mkono uliomrefusha huyu."

Maskini Bodeshmuni! Aliuza kila alichokuwa nacho, akapita mlango kwa mlango akizikomboa. Muuza samaki mmoja aliificha yake kifuani.

"Siitoi ng'o! Leo ndiyo mara ya kwanza namwona mfalme wetu akisimama kiume."

"Dada yangu, ni mkono wangu huu."

Mama wa watu akaitoa huku akilia. Lakini bandarini nahodha aliyetoka Kipro alitikisa kichwa. "Zimeshanywewa divai, mzee. Nyingine ziko kwa Wagiriki, nyingine zimevuka hadi Misri. Utamfuata nani?"

Bodeshmuni alikaa chini palepale, akalia kama mtoto.

Mwezi uliandama, na mkono ukakatwa. Fundi mpya akachonga chapa nyingine, akamfanya mfalme wa Sidoni mfupi kuliko zamani, asije akashukiwa. Arishati alipomfunga mumewe kidonda, Bodeshmuni alinong'ona, "Laiti ningeivunja uliponiambia." Mkewe akaendelea kufunga tu, kwani maji yakimwagika hayazoleki.