Moshi Uliohamia Jiweni

Paukwa!

Pakawa!

Ah, mmeitikia kama wagonjwa, na nyie watu wazima mmenyamaza kabisa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wa mji wa Bondeni walikuwa na magari ya mafuta. Puu! Puu! Moshi mji mzima. Mkuu wao, Bwana Nyani, akasema, "Sasa tununue magari ya umeme." Wakanunua. Moshi ukakatika. Wakacheza ngoma siku saba.

Lakini umeme hauoti kama uyoga, wenzangu. Ulitoka mji wa Jiweni, kwenye tanuri la makaa ya mawe. Na huko Jiweni ndiko walikokaa pimbi. Pimbi bila jua la asubuhi hajiwezi. Hutoka pangoni, hupanda mwambani, hukaa ubavu kwa ubavu na wenzake, huota jua mpaka damu ichangamke. Ndipo huamkiana.

Bondeni magari yakaongezeka. Jiweni tanuri likavuma, vuu! vuu! Jua likafichwa na moshi. Pimbi wakahama, leo huyu, kesho yule. Wakabaki Bi Pimbi na mdogo wake.

"Dada, wanangu wanatetemeka. Nahama."

"Nenda. Nitawangojea hapa."

Bi Pimbi akabaki peke yake. Kila asubuhi alipanda mwambani akasema, "Mmeamkaje?" Kimya. Upweke ukamla.

Siku moja akaufuata waya wa umeme, akaufuata, akaufuata, hadi Bondeni.

"Bwana Nyani, moshi wenu uko kwangu."

"Moshi gani, bibi? Tazama anga ilivyo safi."

"Ya kwenu ni safi. Njoo ukae mwambani kwangu asubuhi moja tu."

Nyani akaenda, na kiburi chake. Akakaa. Kho! Kho! Kho! Machozi yakamtoka.

"Wenzako wako wapi?" akauliza.

"Ndio hao usiowaona."

Nyani akaona haya. "Sasa tufanyeje, bibi?"

"Wenyeji wa mji wa Maporomoko wana magari kama yenu. Umeme wao unatoka kwenye maji yanayoanguka. Vuteni waya kutoka huko."

Wakauvuta. Tanuri likazimwa. Jua likarudi Jiweni, tele. Bi Pimbi akamtuma njiwa kwa mdogo wake: rudini nyumbani. Njiwa akaleta jibu: "Asante, dada. Watoto wameshazoea mwamba wa huku."

Bi Pimbi akaota jua peke yake. Lilikuwa jua zuri, naye alilia.

Basi, moshi ukitoka kwako, usiseme umekwisha. Uliza umekwenda kwa nani, na uulize mapema. Hadithi yangu imeishia hapo. Atakayeisimulia asiikate mkia.