Ndiga za Somoe

Sogeeni, wenzangu, niwape kisa. Mwaka wa njaa, Somoe alichimba ndiga, viazi vya porini vyenye sumu. Zimwi la mtoni likamfundisha kuvikata na kuviloweka mtoni mpaka uchungu uishe.

Kesho yake akauliza, "Babu Zimwi, tayari?"

"Bado, mjukuu wangu."

Keshokutwa akauliza tena. "Bado."

Siku ya tatu mdogo wake, Chilumba, alishindwa kusimama kwa njaa.

"Bado," likasema Zimwi.

"Mlafi wewe! Unataka ule peke yako!"

Somoe akalitoa mtoni kapu la ndiga, akapika, akamlisha mdogo wake kwanza.

"Dada, chungu."

"Meza tu, baba, ushibe."

Akameza, kwa kuwa dada ndiye aliyesema.

Jioni Zimwi likaja kuchimba kaburi, likilia. Kisa changu kimelala hapo, alipolala Chilumba.